Upande wa Pili wa Sifuri

Gari la mwanangu Barka liliharibika kusini, kwenye lile jangwa la changarawe ambalo hata nzi haingii mpaka awe amemfuata mtu. Alikuwa akirudi kutoka Mali na mzigo wa kondoo, yeye na mwenzake Hamuda. Rejeta ilipasuka. Maji mengi waliyamimina humo kabla hawajajua kwamba yanapita tu na kuishia mchangani.

Barka alimpigia binamu yake Bahous kwa simu ya setilaiti. Bahous anafanya kazi kwenye ofisi ya kupambana na nzige. Barka akamwambia: tumebaki na kiriba kimoja, kondoo wameanza kufa, njooni. Akataja mahali alipo kwa nyuzi na dakika za ramani, ishirini na nne kaskazini, sifuri na arobaini. Betri ikafa hapo hapo, na hakupatikana tena.

Sifuri na arobaini ndivyo wasemavyo madereva wetu. Ule mstari wa sifuri, unaoigawa dunia upande huu mashariki na upande ule magharibi, kwetu unapita nyuma ya mitende. Njia yote ya malori iko mashariki yake, toka hapa mpaka mpakani. Basi dereva wa kwetu hataji mashariki, kama vile mtu hasemi kwamba anakula kwa mdomo.

Ndege iliyokuwapo ilikuwa ya nzige, ndogo, ya viti sita. Rubani wake aliitwa Zuheir, kijana wa Mostaganem, huko pwani ya kaskazini, na wakati wote tangu aletwe alikuwa akiruka upande wa magharibi, kwenye matuta, ambako nzige walikuwa wakitaga. Bahous alimkabidhi maneno ya Barka kama alivyoyapokea. Mafuta yalitosha kwenda na kurudi na kuzunguka kidogo. Mapipa mengine yalikuwa njiani kutoka kaskazini.

Nilikuwa nimeshakaa kivulini chini ya bawa walipokuja na madumu ya maji.

"Mama, hii si teksi," Zuheir akaniambia.

"Najua. Teksi ina mlango unaofungika."

"Lalla Masuda, rudi nyumbani," akasema Bahous; Lalla kwetu ni kama bibi. "Mimi nitakuletea mwanao."

"Utamleta ukimkalia? Sogea nipande."

Zuheir akacheka. Akamtazama Bahous tumbo, akayatazama madumu. "Mwache apande. Wewe ukikaa nyuma na maji yale yote na mbele hamna mtu, ndege hii itatazama mbinguni mpaka tuanguke."

Hivyo ndivyo nilivyokaa mbele. Kwenye ubao wa saa palikuwa na mashine ya kuonyesha njia, ile GPS, ndogo kama msahafu wa mfukoni. Zuheir akazungusha kitufe, tarakimu moja moja. Tarakimu nazijua, shule nilifika hapo. Nikaona ishirini na nne, nikaona sifuri, nikaona arobaini.

"Ndiyo hapo?" nikamuuliza.

"Ndiyo hapo, mama. Unauona huu mstari wa zambarau? Tukiufuata tutamshika shati."

Tukaufuata. Mtu akiwa juu kule haoni upande, kila kitu ni kusini tu. Chini palikuwa pekundu, kisha pakawa peupe, kisha pakaanza kuwa manjano. Sikuwa nimepanda ndege maisha yangu, wala sikuogopa, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye ule mstari. Ukipungua, nami napumua.

Mashine ikalia. Zuheir akainamisha bawa, akasema, "Tumefika."

Nilitazama. Matuta ya mchanga juu ya matuta. Hapana gari wala kondoo, hata mfupa.

"Lori litafikaje hapa?" Bahous akapaza sauti kutoka nyuma.

"Amepotea njia, ndiyo maana ameharibikiwa," akajibu Zuheir.

"Barka? Barka anaijua njia ile kuliko mkewe."

"Basi mashine ni mwongo? Mashine haina shangazi, ndugu yangu, haimpendelei mtu. Tazameni vizuri, mchanga huficha."

Tukazunguka. Duara dogo, kisha kubwa, kisha kubwa zaidi. Kila kivuli cha tuta nilikiona gari. Mara mbili nilipiga kelele, "Yule!" na Zuheir akashuka, na mara zote mbili kilikuwa kivuli chetu wenyewe. Na mashine ikaendelea kusema tumefika, tumefika. Saa ya adhuhuri ikatupita tukiwa tunazunguka.

Kisha Zuheir akaweka kidole juu ya kioo cha mashine, akakiacha hapo.

"Bahous. Alisema upande gani?"

"Alisema sifuri na arobaini."

"Upande gani, nakuuliza! Mashariki au magharibi?"

"Magharibi ya nini? Njia iko mashariki! Mtoto anayetambaa kwetu anajua njia iko mashariki!"

"Mimi si wa kwenu!"

Hapo nikaelewa. Tarakimu alizibadilisha zote, lakini ile herufi ya mbele yake ilibaki kama alivyoiacha alipotoka kwa nzige, herufi ya magharibi. Tulikuwa tumekwenda sawasawa mahali pasipo mtu, na Barka alikuwa umbali uleule, upande wa pili wa sifuri.

"Mafuta?" Bahous akauliza, sauti imeshuka.

"Ya kurudi nyumbani yapo. Ya kwenda kwao yapo. Ya kwenda kwao kisha nyumbani hayapo." Akageuka kwangu, jasho linamtoka usoni. "Tukirudi, tutangoja mapipa, labda kesho. Tukienda, tutatua kule na hatutaondoka."

"Maji tunayo," nikasema. "Twende."

Akageuza ndege. Njiani alisema na askari wa kituo cha mpakani kwa redio, akawaomba waje kutuchukua, akawatajia mahali, akarudia neno mashariki mpaka yule wa upande wa pili akamkaripia kwamba amesikia.

Changarawe ile ni tambarare kama sinia. Tulitua karibu na gari. Kondoo walikuwa wamelala pembeni, wamevimba. Hamuda alikuwa chini ya gari, anaitazama ndege kama mtu anayetazama picha ukutani. Ubavuni kwake alilala Barka, amefunikwa uso kwa kilemba chake.

Nilimlowanisha Hamuda midomo kwa ncha ya shela yangu mpaka ulimi ukamfunguka.

"Adhuhuri alikuwa anaongea," akasema. "Alisema Bahous atakuja. Alisema anachelewa kwa ajili ya tumbo lake."

Bahous akaenda nyuma ya gari. Zuheir akaketi kwenye changarawe, mikono kichwani. "Mama," akasema. "Mama, mimi..."

"Baadaye. Njoo umshike Hamuda kichwa, anywe kidogo kidogo."

Barka nilimfunua mwenyewe. Shavu lake lilikuwa bado na joto, lakini changarawe ile nayo ilikuwa na joto, basi sikujua ni lake au ni la jua.

Bahous akarudi amebeba dumu, analia bila kujificha, anafungua kifuniko. "Angalau tumwoshe, Lalla. Tumwoshe kama watu."

Nilimtazama Hamuda. Nilimtazama kijana wa Mostaganem na midomo yake iliyoanza kupasuka. Upande wa kaskazini mbingu ilikuwa imeanza kuwa rangi ya vumbi.

"Funga dumu," nikasema.

"Lalla, maji haya yaliletwa kwa ajili yake!"

"Yeye hana kiu. Funga."

Akafunga. Akapiga viganja vyake kwenye mchanga, kama ajitwaharishavyo asiye na maji, akampaka Barka uso, akapiga tena, akampaka mikono. Tukamswalia, tukachimba kwa jembe la lori, na ardhi ile ni ngumu.

Upepo ulianza jioni. Ulivuma usiku kucha na kutwa nzima ya kesho yake, hata gari hatukuliona tukiwa tumeliegemea. Askari walipotufikia, Hamuda alikuwa hai, na dumu la mwisho lilikuwa limekauka.