Gunia la Musienene Lina Kichwa

Siku ya posho, yaani Jumamosi, saa nane mchana, Séphora na rafiki yake Joyeuse walitoa meza mbele ya nyumba, pale Butembo barabara inapoteremka, ili wafanye devoir, kazi ya nyumbani ya fizikia. Majirani walipoona madaftari wakaanua maharage yao. Hesabu ya Séphora ikiwa sawa, hutokea palepale barabarani. Juma lililopita mabehewa mawili ya treni yaligongana mbele ya duka la chumvi. Mwenye duka alilalamikia vumbi.

Safari hii mwalimu alitaka kila mmoja ajitungie hesabu ya quantité de mouvement, ni kusema uzito mara mwendo. Séphora akachukua ya baba yake.

Baba yake, Kakule, alikuwa akishuka kutoka Musienene na chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, yenye magunia mawili ya viazi, akagongana na jeep ya tajiri mmoja. PV, yaani ripoti ya polisi, ilisema jeep ilikuwa imesimama. Kakule alikuwa na mwezi wa tatu ndani ya cachot, mahabusu ya polisi. Lakini alama za magurudumu zilibaki kwenye udongo: chukudu ilirudishwa nyuma, ikapandishwa mlima.

Joyeuse akaandika. Mutu, kilo sabini. Chukudu, hamsini. Magunia, mia moja kila moja, kama PV ilivyosema. Wakapiga hesabu. Jeep ikatokea kule chini bila dereva, ikapanda mpaka kwenye bomba la maji, ikasimama.

“Inakatala,” Joyeuse akasema.

“Ni gunia. Weye mutoto wa mujini, gunia ya Musienene iko na kichwa. Banajaza mpaka inapita mudomo, kiisha banashona na majani. Ni kilo mia moja na makumi ine.”

“Mie nilizani ni batu ya kule ndio beko na bichwa bikubwa.”

“Andika tu, Joyeuse.”

Jibu likatoka: mita nne nukta sita kwa sekunde. Jeep ikapanda kwa mwendo huohuo. Kakule akashuka juu ya chukudu yake, wakagongana, jeep ikamsukuma mlimani mpaka kwa jirani. Afisa wa polisi aliyeandika PV alikuwa amesimama pale. Mama yake Séphora ndiye aliyemwita.

Kakule akapangusa magoti. “Nani alihesabu kichwa ya gunia?”

“Ni mie, papa.”

“Munasikia?” Kakule akawaambia majirani, shingo imenyooka. “Ni wangu huyu.”

Kisha akarudi cachot kwa miguu, maana hesabu haikusema kitu juu ya kufunguliwa.

“Nimeona,” afisa akasema. “Jeep ilikuwa inatembea. Mais PV ilisha kusainiwa.”

Siku ya kwanza, Jumatatu, mwalimu akampa Séphora kumi juu ya kumi. Mama yake akapeleka daftari cachot, nao wafungwa wakalisoma mmoja baada ya mwingine. Siku ya tatu, Jumatano, yule afisa akamtuma binti yake, Tamar, aje kufundishwa, kwa sababu Butembo nzima ilisema hakuna anayemzidi Séphora.

Séphora akamsogezea kiti. “Andika. Kitu chenye kusimama hakiwezi kusukuma mutu apande mulima.”

Tamar akaandika. “Na huyu mutu wa chukudu, anaitwa nani?”

“Kakule. Ni papa yangu. Baba yako alimufunga.”

Tamar akaandika hayo pia, akayapigia mstari kwa rula.