Tone Kati ya Vidole Viwili

…na hata angefungwa kitambaa machoni angeijua, oili yeye haisomi, anaigusa, tone moja kati ya gumba na kidole cha shahada, anasugua mara moja, anapuliza, hukumu imetoka, ndivyo alivyopata jina la Daktari, gereji yote hii ya mabati imesimama kwa vidole hivi viwili na mdomo usiolala njaa, sasa kwa nini asubuhi hii vinasugua, vinasugua tu, na hukumu haitoki, na dada yake mdogo amesimama pale mlangoni, helmeti kwapani, mvuke unamtoka mdomoni kwa baridi, anasema, "Kaka, niwekee ile ile uliyomwekea baba watoto"… ile ile, anasema kama anaagiza chai, miezi mitatu tangu wamzike mumewe na leo anapanda pikipiki ya marehemu, mayai yale yale, trei kumi nyuma, kutoka huku juu kwenye ukungu mpaka bondeni ambako jua linaikaanga lami, "siku ile alikusifu, kaka, alisema teke moja tu injini ikaitika," na kweli iliitika, Daktari alisimama hapo hapo kifua mbele, umeona shemeji, umeona, wengine hupiga teke mpaka goti linalia, na shemeji akacheka, akafunga trei zake taratibu kama anayevisha mtoto, akaondoka… chupa mbili za oili mezani, namba ya moja inaishia hamsini, ya nyingine inaishia thelathini, wiki moja kabla ya msiba muuza vipuri alimwambia, tena kwa upole, "Daktari, soma chupa, namba ya mwanzo ni ya baridi, ya mwisho ni ya joto, hiyo ya thelathini ni ya wanaozunguka huku huku juu, anayeshuka bondeni mpe ya hamsini," naye akageukia wateja, akawakonyeza, jamani, mimi nafungua injini huyu hajaota jino, leo anisomeshe chupa! duka zima likacheka, na yeye akacheka kuliko wote, akapaka tone kidoleni, nzito hii, nzito kama uji, akaibeba chupa ya thelathini akipiga mluzi… "mama mkwe hasemi nami," anasema dada, anahamisha helmeti kwapa jingine, "anasema nilimwona mwanawe anakimbiza pikipiki nikanyamaza, wewe kaka ulimjua, alikimbia lini yule, mayai yanakimbizwa?" hayakimbizwi, hapana, hata nzi walimpita shemeji barabarani, lakini nani alianza kusema mwendo, nani, pale msibani wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki wanauliza imekuwaje, ni yeye, Daktari, alitikisa kichwa kama mtu mwenye siri, shemeji yangu, Mungu amrehemu, alipenda mwendo, na neno likatoka hapo kwa miguu yake lenyewe… dereva wa lori lililomkanyaga shemeji alilia, alisema sikumgusa mpaka alipokuwa chini, tairi lake la nyuma lilisimama ghafla, likapiga yowe, akaanguka mbele yangu, na Daktari akamshika ukosi, muongo mkubwa we, tairi lisimame lenyewe? na huku kiini cha mayai kinaiva juu ya lami, anakiona hata sasa kikiiva… halafu akaifungua injini usiku wa tatu, peke yake, akaikuta pistoni imechubuka na kung'ang'ania ukuta wa silinda, kavu, akasema uzee, chombo kimezeeka, akaitupa chooni, mtu hatupi uzee chooni, akaweka pistoni mpya bure na dada akamshukuru, akamshika mikono yote miwili akamshukuru… na tone liko wapi, anatazama vidole, tone la ile ya thelathini lilikuwa zito alipoanza, uji kabisa, sasa limepata moto wa ngozi yake, moto mdogo tu wa mtu aliyesimama, na limekuwa maji, linateleza mpaka kiganjani, vidole vinagusana vitupu, nyama kwa nyama… hakuwahi kusugua zaidi ya mara moja, miaka ishirini na minne, asubuhi, baridi, mara moja na puliza, na kila oili ilikuwa nzito kwa sababu kila asubuhi ilikuwa ya baridi… si lori, si mwendo, si uzee, ni oili iliyogeuka maji bondeni, injini ikakaza, tairi likasimama… "Kaka, jua linapanda," ndiyo, aimimine ya hamsini sasa hivi, anyamaze, leo jioni dada atarudi salama, na kesho atarudi, lakini macho anayo, ataona chupa si ile, atauliza kwa nini mume wangu ile na mimi hii, na jibu ni moja tu duniani, na asipolitoa marehemu atakimbia mpaka siku ya kiama na mjane ataendelea kupita kwa mama mkwe kichwa chini… ananyoosha mkono kwenye chupa ya hamsini, yeye ambaye jibu lake hufika kabla ya swali, anaurudisha, "Ipi, kaka?" anauliza dada, na Daktari analisikiliza lile neno kaka mpaka linapoisha, maana hajui kama ataitwa hivyo tena akishajibu.