Gia ya Tatu

Nimeendesha malori makubwa kwa miaka miwili bila kuvuka gia ya pili. Usinicheke kabla hujaijua foleni ya Tunduma. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo yanapanga mstari mpaka mji mdogo wa Mpemba, na siku mbaya yanapita hapo. Mstari ukisogea, unasogea urefu wa lori moja, kisha madereva wanazima injini na kuendelea na maisha yao. Mimi ndiye ninayewauzia hayo maisha: chai na chapati asubuhi, ugali na maharage mchana.

Aliyeanzisha yote ni Jairo, dereva wa siku nyingi na mtu wa kuheshimu sana sahani yake. Siku moja mstari ulisogea akiwa ameshika tonge. "Mama Lusungu," akaniambia, "panda usogeze, mimi bado nakula." Nikamwambia sijui. Akasema klachi ni mguu wa kushoto, akaendelea kutafuna. Hilo ndilo darasa lote nililopewa.

Nilipanda na vikombe vyangu vitatu vilivyojaa chai, nikavipanga kwenye dashibodi, maana ningeviacha chini nisingevikuta. Lori likaruka kama mbuzi. Chai yote ikaishia kwenye makaratasi ya forodha ya Jairo, na wiki nzima yalinukia tangawizi. Tangu siku hiyo nikaweka nia ya kuondoka na kusimama bila kumwaga, kwa sababu chai ikimwagika hasara ni yangu. Ilinichukua miezi. Mwishowe madereva wakawa wananiita niwasogezee malori kabla hata hawajaagiza chakula.

Ndipo nikaanza kutaka makubwa. Nilitaka niwe dereva kweli, wa kutoka Dar na mzigo mpaka Lubumbashi, si wa kusogeza. Lakini kichwani mwangu anaishi mama mmoja asiye na kazi nyingine ila kuniuliza, "Wewe?" Nikiamka, wewe? Nikikanda unga wa chapati, wewe? Nilimchukia, na bado nilimwamini.

Jumamosi nilirudi nyumbani Igamba nikamweleza mume wangu, Baba Lusungu, mkulima wa kahawa asiyependa kupoteza maneno. Akaniuliza lori lina gia ngapi. Nikamwambia kumi. Akauliza mimi najua ngapi. Nikamwambia mbili.

"Bado nane," akasema, akarudi kwenye mibuni yake.

Niliumia. Nilijua ananisanifu, na usiku ule sikumpakulia nyama, nilimpa mchuzi.

Hata hivyo nilijiandikisha chuo cha udereva pale Vwawa. Uwanja wa chuo ulikuwa mdogo. Ukiweka gia ya pili, ukuta umefika. Kwa hiyo nilimaliza mafunzo nikiwa vilevile na gia zangu mbili. Siku ya mtihani wa barabarani ilipopangwa, niliahirisha kwa sababu ya mavuno ya kahawa. Ikapangwa tena, nikapata mafua. Mara ya tatu nilikwenda kwenye msiba wa mtu niliyekuwa simjui vizuri. Nilipika pale siku tatu, na wafiwa walinishukuru sana. Mara ya nne Jairo alinipeleka mwenyewe, akasimama nyuma yangu mlangoni ili nisigeuke.

Msimamizi alikuwa Afande Agnes wa usalama barabarani, mama mnene mwenye sauti ya chini. Alikuwa hajapata kifungua kinywa. Akapanda na kikombe chake cha chai, akakiweka kwenye dashibodi, akaniambia twende upande wa Nanyala.

Niliondoka vizuri. Shida ilikuja tulipofika barabara kuu. Mbele yangu hapakuwa na kitu. Nilitafuta nyuma ya lori la kufuata, sikuiona. Palikuwa na lami tupu mpaka kwenye kona, na sikujua lami tupu inaendeshwaje. Nikabaki na gia ya pili, injini inalia. Mtu wa baiskeli aliyebeba magunia mawili ya mkaa akatupita, akageuka kuniangalia kwa huruma.

"Mama," akasema Afande, "tunasindikiza maiti?"

Nikamwambia ukweli, kwamba gia ya tatu sijawahi kuiweka tangu nizaliwe. Akauliza nilijifunzia wapi basi. Ulimi ukaniponyoka: kwenye foleni, kwa Jairo, kabla ya chuo, bila leseni yoyote. Papo hapo nikajua nimejimaliza, tena na Jairo nimemmaliza. Afande akageuzia uso dirishani.

"Hilo sijalisikia," akasema. "Weka ya tatu."

Yule mama wa kichwani akauliza, wewe? Nikamjibu kwa sauti, "Ndiyo, mimi," na Afande akasema sawa, nani mwingine. Nikakanyaga klachi, nikaweka. Injini ikaacha kulia. Lori likawa linakwenda tu, kwa utulivu, na mahindi yanarudi nyuma pande zote mbili. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Ya nne niliiweka bila kuambiwa.

Kwenye mlima akaniamuru nisimame, niondoke. Nikafanya. Akaniamuru tena, na tena, lori limejaa mawe. Halafu akachungulia kikombe chake. Kilikuwa kimejaa vilevile. Akakinywa chote pale pale, hana haraka.

"Kwenda, hata gunia la kahawa ukilisukuma mteremkoni linakwenda," akasema. "Mimi namtafuta anayejua kusimama. Umefaulu. Gia zilizobaki utazikuta njiani."

Jumamosi nilifika Igamba na chakula cha maneno nilichokuwa nimemwandalia Baba Lusungu njia nzima. Nilimkuta anaanika kahawa kwenye kichanja. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza nimefika gia ya ngapi. Nikamwambia ya nne.

Vidole vyake vikaendelea kuchambua punje mbovu, midomo inahesabu. Kisha akaniangalia, na nikaona kwamba hata ile siku ya kwanza hakuwa ananicheka. Alikuwa anahesabu.

"Bado sita," akasema, akasogea kwenye benchi ili nikae.