Muhogo wa Nyuma ya Nyumba

Peres alijua kuna jambo kabla hajafika mlangoni. Alikuwa ametoka River Road mjini kununua turubai la kuanikia mihogo, na pale nyuma ya nyumba yake ya Woodley shina moja la muhogo lilikuwa limefukuliwa. Udongo ulikuwa bado mbichi, na alama za malapa zilielekea kwa Njambi, jirani yake kijana aliyemwita shosho, yaani nyanya.

Mihogo ile ilikuwa michungu. Vijiti vyake alivileta kutoka Busia miaka mitatu iliyopita, kwa sababu mama yake alimfundisha hivyo: muhogo mchungu fuko hali, nyani hali, mwizi harudi mara ya pili, na mwaka wa ukame mizizi inakungoja ardhini. Lakini una sumu, hauliwi ukitoka shambani. Unamenywa, unavundikwa siku kadhaa hadi uote ukungu, unaanikwa, ndipo unasagwa pamoja na mtama. Kwao hakuna mtoto asiyejua hayo, ndiyo maana Peres hakuwahi kumwambia mtu. Njambi alimletea njahi, yale maharagwe meusi ya kwao, kila msimu, na goti la Peres lilipouma sana alimchotea maji wiki nzima bila kuombwa. Peres naye akamwambia, kama wanavyoambiana kwao, ukitaka muhogo chimba, usiniulize.

Mwaka huu masika yalikawia, mboga zikakauka. Njambi alikuwa amechimba.

Peres aliangusha turubai akaenda. Alimkuta Njambi jikoni anaosha sufuria. Njambi alimkaribisha akicheka, akasema yeye alikunywa chai tu, ila Anita, bintiye wa miaka sita, alikula vipande viwili. Vilikuwa na uchungu kidogo, akavipaka sukari. Akaongeza kuwa nyanya yake mwenyewe aliponea muhogo ile njaa kubwa ya wakati wa vita vya Wazungu, hata wazee wakaiita njaa ya mihogo.

"Nyanya yako alikula unga, Mama Anita," Peres alisema. "Uliwafikia umeshasagwa. Mtoto yuko wapi?"

"Amelala, shosho. Alisema kichwa inamuuma."

Anita alikuwa amejikunja kwenye kochi, jasho likimtoka, matapishi kwenye mto. Alipoitwa, macho yalifunguka nusu, yakafumba. Pumzi zilikwenda mbio, zikasita, zikaenda tena. Njambi alimbeba, Peres akafuata nyuma na ganda la muhogo mkononi. Mwenye gari wa kwanza waliyemsimamisha Ngong Road aliwafungulia mlango kabla hawajasema neno.

Hospitalini daktari aliuliza mtoto amekula nini. Peres alimpa ganda, akaeleza muhogo ule ni wa namna gani na kwao hufanywa nini kabla ya kuliwa. Njambi alisikia yote. Walipobaki wawili, alisogea hadi mwisho wa benchi.

"Kwa hivyo ulikuwa unajua," alisema. "Miaka tatu, kando ya mlango yangu."



Alasiri Anita aliomba maji. Daktari akasema ataishi, lakini kama angekula kipande kimoja zaidi, hajui.

Kesho yake Peres aling'oa mashina yote. Mizizi aliizika chini kabisa, vijiti akavifunga, gari la taka likavichukua. Njambi alitazama kutoka dirishani. Hakutoka.

Mvua ikaja. Mwezi haujaisha, Peres akipita Dagoretti Corner kwenda kanisani, aliona nyuma ya vibanda, kando ya jalala linapomwaga gari la taka, majani anayoyajua, yametanuka kama vidole vya mkono. Kijiti cha muhogo hakisubiri kupandwa. Kikipata udongo na maji kinaota. Alikunja sketi, akaingia matopeni ili aving'oe.

Kisha akasimama. Vilikuwa vimepangwa mstari. Mtu alikuwa amepalilia, akatia samadi kwenye kila shina, akazungushia miiba mbuzi wasile. Ilikuwa kazi ya mkono mwema, ya mtu mwenye watu wa kulisha. Naye Peres alikuwa amefunga vijiti kumi na viwili, na hapa alihesabu vitano. Vile saba vingine, bila shaka mtu huyo alikuwa amewagawia wenzake.

Alivipita vibanda vyote akiuliza. Hakuna aliyejua ni nani. Akarudi, akaketi juu ya jiwe kando ya miiba, kengele ya kanisa ikilia, akaanza kumngoja mwenye vijiti ili amwambie.