Azima na Ubao wa Ukoo

Ukitaka kujua watu wanavyojipenda, waambie unachora ukoo wao. Azima alilijua hilo mapema. Jamaa ambao hawakumtafuta tangu msiba wa mwisho sasa walimpigia simu asubuhi na jioni, huyu akitaka jina lake liwe kwa herufi kubwa, yule akiomba mume wake wa zamani asionekane hata kwa darubini.

Kazi yake ilikuwa kuandika vibao vya biashara: kinyozi, bucha, duka la dawa. Kwa hiyo ukoo wa upande wa mama ulipopanga kukutana, hakuna aliyeuliza nani atauchora. Mdogo wake wa kiume, mwalimu wa sekondari, alimletea ubao mpana wa plaiwudi, akamwambia, "Dada mkubwa, hii ni yako. Wewe ndiye kifungua mimba." Azima alivimba kichwa, na wala hakuficha.

Katika ukoo ule karibu kila mtu alikuwa na jina la utani, na Azima hakuandika hata moja bila kuuliza lilikotoka. Babu mmoja wa zamani aliitwa Nakuja, kwa kuwa ndilo jibu alilowapa wote waliokuwa wakimngoja. Bibi mmoja aliitwa Kipaza, na hilo halikuhitaji maelezo. Mjomba wake mwenyewe, fundi viatu, aliitwa Sindano, jina alilopewa ujanani kabla tumbo halijamtangulia kuingia vyumbani.

La kwake hakuhitaji kuliuliza. Azima ni hirizi, mama yake alimwambia tangu utotoni, ni kinga. "Nilikuwa na huzuni, ukaja wewe, ukanikinga." Azima alilipenda jina hilo kiasi kwamba kila kibao mjini alikitia pembeni, kwa herufi ndogo: Kazi ya Azima.

Mjomba Sindano alipita karakana siku ambayo ubao wote ulikuwa umeshachorwa kwa penseli na rangi ilikuwa bado koponi. Alivaa miwani, akainama, akacheka alipofika kwa Nakuja. Kisha kidole chake kikasimama.

"Umechora vizuri, mama. Ila hapa umekosea."

"Wapi, mjomba?"

"Hapa ulipojiweka wewe. Umejiweka kwa aliyekuazima. Si ungejiweka kwa mwenyewe?" Kidole kikahama kutoka kwa mama yake Azima, kikaenda mstari wa jirani, kwa mama yake mdogo. "Uwe hapa, baada ya huyu wa nne."

Azima alicheka. Mjomba naye alicheka kidogo, akamtazama usoni, akaacha.

"Mama wee! Hawajakwambia?"

"Azima si hirizi, mjomba?"

"Hirizi? Nani kasema hirizi?" Alivua miwani, akatafuta pa kukaa, akakalia ndoo. Alikuwa ameshaingia na hakuona njia ya kutoka. "Dada alikuwa hapati mtoto, analia kila siku. Mama yako mdogo alikuwa na wanne, akakuzaa wewe wa tano. Basi dada akaja, akasema, niazime huyu mdogo, nikipata wangu nitamrudisha. Sisi tukawa tunauliza, azima kaamkaje leo? Azima kaota meno? Utani tu. Jina likaganda."

Utani tu! Watu wazima walikuwa wamemwita kitu cha watu kwa miaka yote hiyo, mbele ya uso wake, na yeye akiitika. Tena lugha yenyewe iliwasaidia. Dada wa mama ni mama, kwa hiyo kila alipomwita yule wa pili "mama", hakuna aliyelazimika kumrekebisha wala kusema uongo. Azima alijiona mjinga.

Alimpigia simu mwalimu.

"Ulijua kwamba sikuzaliwa na mama?"

"Dada, sasa hayo ya nini leo? Sisi hatujawahi kukubagua."

"Nimekuuliza, ulijua?"

"Sote tulijua. Tulidhani na wewe unajua, ila hupendi kuyasema."

Alikata simu, akaenda nyumbani kwa mama yake kwa miguu. Njia nzima alimtungia mama yake jibu. Mama angesema: sikuweza kuachana nawe, mwanangu, nilikupenda mno nikashindwa kukurudisha. Angesema hivyo tu, Azima angemsamehe palepale, na mjomba, na wadogo zake, na mji mzima.

Aliwakuta wote wawili sebuleni, dada na dada, kama ilivyokuwa kila alasiri, birika la chai katikati yao. Hakuketi.

"Nimekuja kuuliza nijiandike kwa nani."

Wakatazamana. Azima aliujua mtazamo ule. Alikuwa ameuona tangu utotoni na kudhani ni wa mambo ya watu wazima.

"Ulisema ukipata wako utanirudisha," alimwambia mama yake. "Ukapata wa kwanza, ukapata na wengine. Mbona hukunirudisha?"

Mama aliweka kikombe chini. Alikuwa mwanamke asiyejua kupamba maneno, na siku hiyo Azima aliomba ajue.

"Nilikurudisha," akasema. "Mdogo wako alipozaliwa nilichoka, mwanangu. Chumba kilikuwa kimoja. Nilikufungia nguo zako, nikakupeleka."

Azima akamgeukia yule mwingine. "Ukasemaje?"

Mama mdogo alikuwa akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. "Nilimwambia akae na wewe tu. Nilikuwa na wengine mikononi. Na nilikuwa... nilikuwa nimeshazoea kukaa bila wewe."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Mlangoni," mama alisema, machozi yakimtoka. "Na furushi lako. Ulikuwa unatungoja tumalize kuongea."

Azima aliondoka bila kuaga. Kazi aliimaliza, kwa sababu hakuwahi kumwachia mteja kazi nusu, na herufi zake zilinyooka kama siku zote. Mwalimu alipokuja kuchukua ubao aliusifia toka juu mpaka chini. Kisha akarudi kwenye mstari wa mama, akatazama na wa mama mdogo, akatafuta tena.

"Dada, mbona wewe sikuoni?"

Azima alikuwa akisuuza brashi, na hakugeuka.

"Waambie wakubaliane kwanza nani ananichukua."