Mashiant Aota Akiwa Macho

Kijijini kwetu Mashiant ndiye pekee aliyemaliza sekondari, na tangu arudi hakumruhusu mtu kusahau. Ukimuuliza samaki yuko wapi, anaanza kukueleza kazi ya figo. Kuwinda hajui. Mara ya mwisho alipopewa bunduki alirudi na kobe, na shemeji yake Sumpa anaapa kwamba ni kobe aliyemwonyesha njia ya nyumbani.

Basi kampuni ikaja. Si kampuni nzima, alikuja bwana mmoja mnene anaitwa Ordóñez, akashuka na kindege kwenye kiwanja chetu cha nyasi, anatabasamu kabla hata mlango haujafunguka vizuri. Akasema chini ya msitu wetu kuna mafuta. Kwa sasa hawachimbi, hapana, wanataka ruhusa tu wafyeke vinjia vilivyonyooka, wafukie baruti ndogondogo, waisikilize ardhi inasemaje. Bibi Puanch akauliza ni nani anamsikiliza mwenzake kwa kumlipulia baruti sikioni. Ordóñez akacheka sana. Halafu akamvuta Mashiant pembeni.

"Wewe umesoma. Kijiji kikikubali, wewe ndiye mtu wetu hapa. Redio ya mkononi, fulana, kofia ngumu, buti zenye chuma mbele. Unavaa namba ngapi?"

"Arobaini na moja," akajibu Mashiant. Hata kuulizwa kama anakubali hakungoja.

Hapo ndipo pa kumlaumu, maana alijua. Likizo moja akiwa shule mjini alikwenda kwa rafiki yake kaskazini, kule wanakochimba tangu enzi za babu. Mto wa kule unameta kama bawa la nzi. Mama wa rafiki yake alikuwa anakaa ukingoni kabisa mwa mto, na maji ya kunywa ananunua ya chupa. Watoto wamejaa upele mpaka masikioni. Yote hayo Mashiant aliyaona kwa macho yake. Lakini alimwona pia kaka wa rafiki yake anapita barazani na buti za kampuni, ko, ko, ko juu ya mbao, na wasichana wanageuka. Aliporudi, mto ulishamtoka kichwani. Buti zikabaki. Ndiyo faida ya elimu.

Ordóñez aliahidi kurudi baada ya siku chache kuchukua jibu.

Sasa, sisi Waachuar, watu wa msitu huu, bwana, kura tunapiga kwa sababu serikali inapenda, ila jambo lenyewe linaamuliwa kwenye ndoto. Kabla hakujakucha tunakaa kuzunguka moto, tunakunywa wayusa, chai ya majani, kibuyu baada ya kibuyu mpaka tumbo linakuwa ngoma. Kisha kila mtu anatoka kwa zamu yake, anakwenda kutapika migombani, siku ianze na tumbo jepesi. Mgeni akituona anadhani kijiji kizima kina kipindupindu. Baada ya hapo ndipo watu wanasimulia walichoota, na wakubwa wanasema siku iendeje.

Mashiant hajawahi kuota kitu cha maana. Yeye anaota mtihani wa hesabu, na hakuna mkubwa yeyote anayejua mtihani wa hesabu ni dalili ya nini. Kwa hiyo, siku ile Ordóñez anarudi, aliamua kuja na ndoto yake mwenyewe, ameipika vizuri. Usiku kucha hakufumba jicho, anaongeza chumvi hapa, anaonja pale.

Wote walipokwisha kutapika wakarudi motoni, akakohoa.

"Nimeota."

"Hesabu tena, shemeji?" akauliza Sumpa.

"Nimeota nguruwe mwitu. Kundi zima limetokea upande wa kiwanja cha ndege. Wanene, wanang'aa. Mbele yao kuna mtu amevaa kofia ngumu, nao wanamfuata pole pole mpaka uani kwetu. Wakajilaza wenyewe kando ya vyungu. Tukala, tukala. Hata Sumpa alishiba."

Hicho kipande cha Sumpa ndicho alichokipenda zaidi. Akangoja watu wacheke.

Hakucheka mtu. Mjomba wake Tukup, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, aliweka kibuyu chini. Bibi Puanch, mwenye neno la mwisho juu ya ndoto zote, akasogea karibu.

"Walikuwa wanagonga meno?"

Mashiant akaona hapa bibi amenogewa, akaongeza. "Wanagonga, bibi. Kama watu wanaopasua karanga."

"Na huyo wa mbele?"

"Anatabasamu."

Mama mmoja akamvuta mwanawe mapajani. Na ndipo Mashiant akakumbuka. Kwetu ndoto ya nyama inasomwa kinyume. Mtoto wa miaka sita anajua hilo. Ukiota watu wenye silaha wanakushambulia, chukua bunduki, nguruwe wako njiani na leo utakula. Ukiota nguruwe wanakuja, chukua bunduki vilevile, ila nyama usitegemee. Wanaokuja ni maadui. Somo hilo wenzake walilisoma motoni wakati yeye yuko mjini anachora figo.

"Bibi, labda ni nguruwe tu."

"Nguruwe tu havai kofia, baba."

Angeweza kusema ametunga. Kwetu unaweza kudanganya kuhusu samaki, kuhusu umri, hata kuhusu mke wa mtu, watu watagomba kisha watasahau. Lakini mwongo wa ndoto hakuna atakayeingia naye msituni tena, wala binti atakayempa bakuli la pombe ya muhogo. Akafungua mdomo. Kilichotoka ni wayusa iliyobaki; akakimbilia migombani.

"Ndoto nzito hiyo," wakasema wazee. "Angalia inavyomtoka."

Na ndoto ina mwenyewe. Aliyemwona adui ndiye anayesimama mbele. Jua lilipopanda kidogo, Sumpa alikuwa anampaka rangi nyekundu usoni.

"Tulia. Ukitikisika hivi utaonekana una surua."

"Sumpa, mbele simama wewe. Wewe ndiye mwindaji."

"Mimi nimeota dada yako anafua nguo. Nitasimama mtoni."

Wakampa mkuki wa babu yake mkono wa kulia. Mkono wa kushoto wakampa bunduki, haina risasi, maana walikuwa wanakumbuka ile safari ya kobe. Kindege kikatua. Ordóñez akashuka na tabasamu lake, mkononi ana mfuko wa plastiki, na kupitia plastiki Mashiant akaziona. Za kahawia. Kamba za njano.

"Marafiki!" Ordóñez alisema kwa Kihispania, huku anaitazama mistari ya watu wenye nyuso nyekundu. "Mashiant yuko wapi? Nimemletea buti zake."

Kijiji kizima kilielewa neno moja tu hapo.

"Anakutaka kwa nini?" Tukup akauliza.

"Ananiulizia, mjomba."

"Basi mwambie hapana. Umesoma, ongeza maneno."

"Mashiant hayupo," Mashiant akasema kwa Kihispania. "Amekwenda kuwinda."

Sumpa, aliyewahi kubeba mizigo mjini na anasikia Kihispania kidogo, alishikwa na kikohozi.

"Wazee wanasema hapana. Hapana vinjia, hapana baruti." Hapo ingetosha. Lakini yule mama wa kaskazini alimjia ghafla, na chupa zake, na mto unameta mbele yake, na Mashiant akajisikia anaendelea bila kutumwa. "Mto wa kaskazini nimeuona mimi. Msituletee ule."

Ordóñez akamkazia macho. Yakashuka kutoka kwenye rangi mpaka kwenye miguu ile peku, yakapima.

"Ni wewe," akasema taratibu, akasogea, akanyoosha mfuko. "Haya, chukua. Mambo ya kijiji ni ya kijiji. Hizi ni zawadi tu."

Nyuma ya Mashiant kijiji chote. Mbele yake arobaini na moja kamili. Ili azipokee ilimbidi aweke chini ama mkuki wa babu yake au bunduki, mbele ya bibi, mbele ya mjomba, mbele ya wasichana wote. Akasimama. Akaendelea kusimama. Rubani akapiga honi kwa mdomo, maana mawingu yanashuka. Mkono wa Ordóñez ukachoka, ukarudi na mfuko wake.

Kindege kilipotokomea, Tukup alimpiga begani na kusema hajawahi kuona kijana aliyesimama imara namna ile, hata kope hakupepesa. Watu wanalisimulia mpaka leo, na ni kweli, hakupepesa. Alikuwa bado anachagua kipi akiweke chini.