Mkwe Aliyekuja na Chakula Chake

Mimi Bathsheba si mtu wa kusahau. Wenye kusahau wasahau, Mungu awabariki. Cleophas Ratemo aliniharibia jina mbele ya watu wa Nyacheki mwaka wa 1970, nami nikaapa kwamba siku moja atanijua mimi ni nani.

Alikuwa ameoa binti yangu Bonareri. Kijana wa Ikonge, amesoma mpaka Ufaransa, amerudi kufanya kazi Nairobi katika kampuni ya Wafaransa ya kuuza pampu na mashine za shambani. Mahari ilikwisha vizuri, tukabaki na siku ya mkwe kuja kula kwangu. Nilimchinjia jogoo. Nilisonga ugali wa wimbi. Chinsaga, zile mboga zetu chungu, nilizichemsha na kuzirudia kwa maziwa mpaka uchungu ukabaki ule wa kumfurahisha mtu tu. Kisha nikajifungia jikoni, kwa sababu sisi tuna chinsoni, heshima ya wakwe: mama hamwoni mkwe akila, wala mkwe hamwoni mama akila. Yeye alikaa sebuleni na shemeji yangu Okemwa pamoja na majirani, mimi nikategesha sikio ukutani nisikie akisifu.

Nilisikia kizibo cha thamosi kikifunguliwa.

Bonareri akaja jikoni analia. Eti mumewe ametoa kahawa na mikate ya siagi kwenye mkoba wake, ameketi anakula, na chakula changu amekisukuma kando. "Mama," akaniambia, "anasema tumbo lake halijazoea vitu hivi." Na alikuwa akicheka alipolisema hilo! Okemwa alimsikia, majirani walimsikia.

Mtu wa mbali atasema, aa, si ni tumbo tu? Ngoja basi. Kwetu mkwe akikataa chakula cha mama mkwe, hakuna anayeuliza habari za tumbo lake. Watu wanauliza chakula kina nini. Na jibu lake halisemwi kwa sauti.

Walianza polepole. Jirani yangu Drusilla, ambaye kila jioni alikuwa kwangu kuomba chumvi, akaanza kuwa na chumvi yake. Siku ya Sabato, akina mama wakileta chakula kanisani, sufuria yangu ilirudi nyumbani imejaa kama ilivyokwenda. Kukiwa na matanga, Persis, mkubwa wa akina mama wa kanisa, ananishika bega kwa upole: "Wewe pumzika, Mama Bonareri, jikoni tumetosha." Nipumzike! Mimi niliyewapikia watu wa kijiji kile tangu nikiwa bibi arusi! Ndizi zangu zilinunuliwa na madereva wa malori kule Keroka, watu wasionijua. Watu wa kwetu walipita na vikapu vyao mbele yangu wakiangalia mbinguni. Neno lenyewe, mchawi, hakuna aliyenitamkia, lakini nililala nalo na kuamka nalo.

Dawa ilikuwa moja tu. Cleophas arudi, aketi pale pale, ale mbele ya watu. Nilimtuma Okemwa mpaka Nairobi kumsihi. Akarudi na jibu kwamba mkwe hana nafasi ya mambo ya kishamba.

Vizuri, nikasema. Nitakungoja.

Mwaka wa 1972 ndipo gari likaja kwangu. Aliyeliendesha ni Ondieki, dereva wa Cleophas, kijana mwenye adabu. Alinieleza akiwa ameinamisha macho. Kampuni inataka kufungua ofisi Kisii, na Cleophas anataka awe mkubwa wa ofisi hiyo. Amemwambia bosi wake, Mfaransa anayeitwa Morel, kwamba yeye na wakulima ni damu moja, tena mama mkwe wake ni mkulima wa chai. Basi Morel akasema, mlete huyo mama, tule naye chakula cha mchana, nimsikie.

"Nile wapi? Na nani?" nikamuuliza.

"Hotelini, mama. Meza moja na... na yeye." Ondieki aliona aibu badala ya tajiri wake.

"Mwambie nakuja."

Ondieki hakuamini masikio yake. Nami nilikuwa nimekwisha kumpa kisogo, natafuta unga wa wimbi.

Ile hoteli ya Kifaransa kule Nairobi, jina lake hata sasa ulimi wangu unalikataa. Vitambaa vya meza vyeupe kushinda shuka za harusi, vijiko na visu vimepangwa kulia na kushoto utadhani wanakuja watu kumi, kumbe vyote ni vya mtu mmoja. Mhudumu alitaka kunipokea kikapu changu. Nikamwambia, baba, hiki kinakaa na mimi. Cleophas akakiona, akasema kwa Ekegusii, akitabasamu ili Wazungu wasijue, "Mama, tafadhali, usiniaibishe leo." Bonareri alikuwa ameketi kando yake. Alikuwa amekonda, na hilo nalo nikaliweka kwenye hesabu ya mumewe.

Morel alikuwa mzee mwekundu mwenye tumbo la mtu apendaye kula, na Kiswahili alikijua, cha kubomoka kama changu. Mkewe alikuwa ametulia, anacheka kwa macho. Chakula kikaletwa. Sahani kubwa kama ungo, na katikati yake, ee Nyasae, Mungu wangu, konokono! Konokono walio ndani ya nyumba zao, wanaelea kwenye siagi na majani. Nikamtazama Cleophas. Mtoto wa mzee wa kanisa la Sabato, watu wasiogusa vyakula najisi! Alichukua kikoleo, akambana konokono, akamchomoa kwa uma mdogo, akamtia kinywani na kufumba macho kwa utamu. Halafu akafuta midomo, akaanza kumweleza Morel jinsi yeye na wakulima wa Kisii wanavyokula sahani moja.

Roho yangu ikatulia kabisa. Nilijua saa imefika.

Nikaisukuma sahani yangu kando, polepole, kama nilivyosimuliwa. Nikaweka kikapu mezani. Nikafungua majani ya ndizi, nikatoa ugali wangu wa wimbi, nikafungua mkebe wa chinsaga, harufu ikapanda mpaka mhudumu akasimama na chupa mkononi. Nikanawa kwa maji yao ya kunywa. Nikamega.

"Mama!" Cleophas akasema, na safari hii hakutabasamu.

"Mama, chakula si kizuri?" Morel akauliza.

"Ni kizuri sana, bwana. Ni tumbo langu. Halijazoea vitu hivi." Kisha nikacheka, kile kicheko chake chenyewe.

Bonareri akainua kichwa.

Morel hakuwa mjinga. Alimtazama mkwe wangu, ambaye uso ulikuwa umemshuka, akanigeukia tena. "Hili jambo lina maana yake. Niambie."

Nikamwambia yote. Jogoo, thamosi, mikate ya siagi. Nikamwambia kwetu mtu akikataliwa chakula chake anaitwa nani. Nikamwambia habari za sufuria inayorudi imejaa. "Huyu anayetaka kuuzia wakulima wa Kisii pampu," nikasema, "atakaa katika nyumba gani? Atakula kwa nani? Wakimpa chakula atafungua mkoba?"

"Bosi, ni mambo ya kienyeji tu," Cleophas akaanza, "hawa akina mama wa..."

"Nyamaza," Morel akasema. Akapiga meza, vijiko vikaruka. "Kwetu Ufaransa, mimi nikikataa chakula cha mama ya huyu," akamwonyesha mkewe kwa kidole, "nalala nje mpaka nakufa!" Akanyoosha mkono akamega ugali wangu, akachovya kwenye chinsaga, akatafuna. Uchungu ulimkunja uso, lakini alimeza, akamega tena. Mkewe naye akamega. Na binti yangu Bonareri, mbele ya mumewe, akaweka uma chini akala kwa mkono mpaka machozi yakamtoka.

Cleophas peke yake ndiye aliyebaki na konokono wake.

"Sikia," Morel akamwambia. "Kwanza nenda kula kwa mama. Ofisi tutaongea baadaye. Na sitauliza wewe. Nitauliza mama."

Alikuja Nyacheki Jumapili iliyofuata, bila mkoba. Bonareri alikuja naye. Okemwa nilimtuma kila nyumba, na nilimwambia asimsahau Persis, na Drusilla amweke karibu na mlango aone vizuri. Sebule ilijaa, wengine wakasimama uani. Nilipika vile vile nilivyopika siku ile, ila chinsaga nilizichemsha mara moja tu, na maziwa niliyasahau makusudi.

Nikajifungia jikoni na sikio langu ukutani. Hotelini niliivunja makusudi, lakini kwangu chinsoni ni chinsoni, mimi si kama yeye.

Nikasikia akinawa. Halafu nikasikia akimega. Nikasikia akitafuna. Nikamsikia akikohoa, kisha akameza. Miaka miwili nilikuwa nangoja sauti hiyo tu, mtu akimeza. Nilikaa chini kwenye majivu nikajiziba mdomo kwa kanga nisilie kwa sauti.

"Ameramba bakuli!" Okemwa akatangaza. Watu wakapumua. Nikasikia sauti ya Drusilla, yule yule, "Jamani, hakuna kilichobaki na sisi tuonje?" Na Persis akasema mkono wangu kwa wimbi haujapata kushindwa. Waongo wakubwa! Lakini wale, wale washibe, na kesho waseme sokoni kwamba wamekula kwa Bathsheba.

Bonareri akaingia jikoni na bakuli tupu. Alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu aolewe.

"Mama, jasho linamtoka. Ameshiba mpaka hawezi kuinama. Anauliza, Morel akikuuliza, utamwambia nini?"

Mkwe hawezi kukataa kinachotoka jikoni kwa mama mkwe mbele ya watu. Safari hii alikuwa analijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Nikafunua sufuria ya chinsaga.

"Mwongezee," nikasema.